Tone Ambalo Halikung'aa

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, miaka ile biashara ilipofunguliwa na Tunduma ikaota maduka kama uyoga baada ya mvua. Vidonge vilivuka mpaka kutoka Nakonde pamoja na sabuni na mitumba, na mtu aliweza kununua dawa kwenye meza ile ile anayonunulia betri za redio. Mkoa wetu wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka chuoni juzi juzi, kazi yangu ikiwa maabara katika hospitali moja ndogo upande wa Vwawa.

Wiki ile tulikuwa na wageni, watafiti wa damu. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Sote tulimwita Mama Daktari. Alikuwa akitafuta jibu la swali moja: kwa nini dawa ile ile inamponya huyu na kumwangusha yule?

Na siku hiyo swali lake likaingia mlangoni kwa miguu yake.

Lilikuja na Bibi Kabula, mama wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia na ng'ombe huko bondeni Momba. Alifuatana na mwanawe Masanja, na wajukuu wawili wa kiume, watoto wa Masanja, Kulwa na Doto. Unajua majina hayo ni ya pacha. Hawakufanana sana, lakini walivaa mashati ya kitambaa kimoja, na kila mmoja alikuwa ameshika kidole cha mwenzake.

Mambo yalikuwa hivi. Kulwa aliugua malaria. Masanja akapanda lori la mahindi hadi Tunduma, akanunua vidonge ambavyo muuzaji alivisifu kuliko vyote. Aliporudi, Bibi akawapa watoto wote wawili. Usishangae. Kwao, na hata kwetu Wanyiha, pacha hawatengwi. Ukimnunulia mmoja kofia, mnunulie na mwenzake. Mmoja akimeza dawa, mwenzake naye ameze hata kama ni mzima, asije akajiona amesahauliwa akanyong'onyea. Ni desturi ya upendo, mwanangu. Ila dawa si kofia.

Doto, ambaye alikuwa mzima akikimbiza ndama, ndiye aliyeanguka. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Macho yakageuka manjano, viganja vikapauka. Kulwa naye bado alikuwa akichemka kwa homa, maana vidonge vile havikumtosha.

Nikapima. Katika damu ya Kulwa niliwaona wadudu wa malaria, wengi. Katika damu ya Doto sikuona hata mmoja, lakini damu yenyewe ilikuwa imepungua mno. Daktari wa wodi akasema Doto aongezewe damu, na Kulwa aanzishiwe kwinini bila kuchelewa.

Bibi Kabula akawafunika wote wawili kwa kanga moja.

"Hapana," akasema. "Dawa imemgeuka Doto. Kulwa hatameza nyingine. Na kama mnampa huyu kitu, mpeni na huyu. Walikuja duniani pamoja, hamtanitenganishia."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mfanyabiashara mmoja wa Tunduma aliyevunjika mguu, mtu wa maneno mengi. Akadakia, "Bibi, kwa hiyo Kulwa akioa, Doto naye aoe siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo, na ng'ombe watatoka zizi moja," Bibi akamjibu bila kugeuka. "Wewe uliyeoa kwa mbuzi mmoja kilema nyamaza, uguze mguu wako."

Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikajitia usomi. Nikamwambia, "Bibi, acha mambo ya kale. Hawa ni watu wawili. Mtoto atakufia mikononi kwa sababu ya mila."

Bibi akaivuta ile kanga ikawafunika zaidi. Nikajua mlango nilioubisha nimeufunga mwenyewe.

Mama Daktari alinishika mkono tukatoka hadi kwenye korido. Hakupandisha sauti. "Kijana, umesema kweli, na kweli yako haijamfaa mtu. Umemwambia ni watu wawili. Je, umemwonyesha? Yeye ameona dawa moja, chungu kimoja, nyumba moja, na mtoto mmoja ameanguka. Hilo ni swali la utafiti, na amelileta mwenyewe hadi hapa. Mimi nimezunguka nchi nzima kulitafuta."

Tukarudi. Akapiga magoti mbele ya Bibi, akamwamkia, akaomba aone vile vidonge. Alipovisoma akatikisa kichwa. Vilikuwa vya malaria kweli, lakini vilichanganywa na dapsoni, dawa tuliyozoea kuisikia kwa wagonjwa wa ukoma.

"Mama," akasema, "naomba tone moja la damu kwa kila mtoto. Tone sawa kwa sawa. Nitakuonyesha kitu kwa macho yako, kisha uamue."

Bibi akafikiri. "Sawa kwa sawa?"

"Sawa kwa sawa. Ila tufanye sasa, kabla Doto hajaongezewa. Damu ya mtu mwingine ikishaingia, itatudanganya."

Basi tukachukua, tukaichanganya na dawa ya kipimo. Wakati dawa hiyo ikifanya kazi, nikapima kundi la damu ya Doto na la baba yake, yakapatana, Masanja akalala kutoa. Mama Daktari akadondosha matone kwenye karatasi nyeupe, la Kulwa, la Doto na la kwangu mimi la kulinganishia, yakakauka. Tukaziba dirisha la maabara kwa blanketi, tukamwita Bibi, na taa ndogo ya mwanga wa zambarau ikawashwa.

Tone la Kulwa liling'aa kama jicho la paka. La kwangu liling'aa. La Doto lilibaki giza.

Bibi aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. "Mayu," akamwita kwa Kisukuma, yaani mama, "mjukuu wangu amekosa nini?"

Mama Daktari akamweleza, na maneno yake nimeyatumia maisha yangu yote. Alisema ndani ya damu kuna mlinzi, na ndiye anayelifanya tone ling'ae. Watu wengine huzaliwa na mlinzi huyo akiwa haba. Si laana, si uchafu, wala si kosa la mzazi, na mtoto huyo anaweza kukua, kucheza na kuzeeka bila kujua. Lakini zikija dawa kama ile, mlinzi anazidiwa, damu inapasuka, ndiyo ule weusi wa mkojo. "Damu ya kuongezea tunaipima kwanza ili tujue inamfaa nani," akasema. "Dawa nayo inataka kujua inaingia kwa nani."

Bibi akalitazama tena lile tone lenye giza. "Kumbe tumboni mwa mkwe wangu walikaa pamoja, lakini kila mmoja alikuja na chake."

"Ndivyo, mama."

"Basi kila mmoja apewe chake. Ila wapewe wakati mmoja."

Mama Daktari akatabasamu. "Hilo nakuahidi."

Na ikawa hivyo. Vitanda vikasogezwa. Mkononi mwa Kulwa dripu ya kwinini, mkononi mwa Doto damu ya baba, na mimi nikaambiwa nihesabu moja, mbili, tatu ili manesi wawili wafungue mipira kwa pamoja. Yule mfanyabiashara ndiye aliyepiga makofi. Watoto walipona wote, na kabla hawajaondoka Bibi alikuwa amekwisha kumfundisha Doto sentensi moja ya kusema mbele ya kila anayempa dawa: "Mimi ndiye ambaye tone langu halikung'aa."

Miaka ikapita. Nywele zangu zikaanza kuota mvi, maabara zetu zikapata mashine. Siku moja akaingia dereva wa malori ya Zambia, mrefu, amembeba binti mdogo mwenye homa. Kabla sijauliza jina akasema, "Shikamoo mzee. Mimi ndiye ambaye tone langu halikung'aa. Nataka la huyu nalo litazamwe, kabla hajapewa chochote."

Tulilitazama. Liling'aa, lakini kwa kufifia, kama taa ya chemli iliyopunguzwa utambi.

"Yuko kama mimi, au kama Kulwa?" Doto akauliza.

"Si kama wewe, wala si kama Kulwa," nikamwambia. "Huyu ni yeye. Naye tutamchagulia cha kwake."

Mwanangu, vidole vya mkono mmoja havilingani, na hakuna aliyewahi kuvilaumu. Usimeze dawa ya jirani kwa sababu yeye ilimponya, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Nenda ukapimwe. Kama dawa iliwahi kukudhuru, au kumdhuru ndugu yako, liseme mapema na kwa sauti, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nawe unayesoma udaktari au kazi ya maabara, usimcheke anayeuliza kwa lugha ya mila. Kuuliza si ujinga, na pengine swali unalotafuta vitabuni limekaa kwenye benchi, limefunikwa kanga. Mwonyeshe mtu kweli kwanza, ndipo umwombe aiamini.

Mungu akupe mwili wenye afya na subira ya kuujua. Akuinulie wataalamu wanaopiga magoti kabla ya kupima, na siku utakayougua, upewe kilicho chako, kwa wakati wake, pembeni ya wakupendao. Amina.