Siku Mwenyekiti Alipoandikiwa Kosa

Miezi mitatu baada ya kumzika mama, dada mmoja wa maktaba ya chuo hapa Eldoret alinipigia simu. Alisema wanakusanya karatasi za wanawake waliolinda miti na vyanzo vya maji upande huu, na kila alikouliza alitajiwa mama. "Kama familia itakubali, tungependa kuzihifadhi," alisema kwa upole. Nikamwambia nitazitafuta. Ndugu zangu walikuwa wameshapanga tuzichome pamoja na magodoro ya zamani.

Mama aliletwa mtaa wa Kimumu, hapa Eldoret, akiwa bibi arusi kutoka mkoa wa Magharibi. Aliongoza kikundi cha akina mama cha mtaa wetu tangu nikiwa darasa la pili hadi magoti yalipomkataza. Walianza na kufuma sweta na vitambaa vya makochi. Halafu chemchemi iliyo chini ya mtaa ikaanza kukauka, wakaacha vitambaa wakaanza kupanda miti. Tajiri mmoja alipoizungushia chemchemi hiyo ua wa waya, walienda wakaketi matopeni, kila mmoja na uzi wake, wakafuma. Walikuja kila asubuhi mpaka maofisa wa ardhi wakaleta ramani na ua ukang'olewa. Mwaka huo kila mtoto wa mtaa alikuwa na sweta mpya.

Karatasi zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Mama hakutupa kitu. Kulikuwa na barua kwa chifu, na nakala za kwanza za barua hizohizo, ambamo maneno makali yalikuwa yamekatwa na kuandikwa mengine ya adabu. Kulikuwa na bahasha za mbegu, na picha za wanawake waliokunja sketi wakasimama majini wakicheka. Halafu madaftari ya mikutano, yote kwa mwandiko wa katibu wake. Niliketi sakafuni nikayasoma kama hadithi. "Mama mmoja alichelewa kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa. Alisamehewa. Ndama ni jike."

Katika daftari la nne nilikuta hivi: "Mwenyekiti alisimama akasema yeye mwenyewe amekata mzeituni wa chemchemi. Alikubali kosa. Atakaa kando miezi mitatu, na kila asubuhi atamwagilia miche peke yake."

Niliangalia tarehe. Ilikuwa wiki moja baada ya arusi yangu.

Nilikumbuka mvua ya siku zile. Kuni zote za sherehe zililowa, wapishi wakalalamika, halafu ghafla jikoni kukawa na moto mzuri na hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Mzeituni ule ulikuwa mkavu, umekufa zamani, lakini sheria ya kikundi ilikuwa kwamba hata mti mkavu usiguswe, kwa sababu ndege walitaga ndani yake.

Nilikumbuka na jambo lingine, na hilo lilinichoma. Nilipokuja kumsalimia mama mara ya kwanza nikiwa mke wa mtu, nilimkuta akipanda kilima na ndoo mbili, huku katibu ameketi kivulini akimwangalia. Nilimfokea katibu mbele ya watu. Nilimwambia amemgeuza mama yangu punda. Mama alitua ndoo akasema tu, "Wacha, mtoto wangu, hujui." Sikuuliza. Tangu hapo nilimsalimia katibu kwa mkono baridi, hata siku ya mazishi.

Jumamosi iliyofuata nilienda Soy, alikohamia katibu kwa mwanawe. Nilimkuta akipukuchua mahindi kwenye baraza. Nilimpa daftari likiwa limefunguliwa.

Alilisogeza mbali na macho, akasoma, akatabasamu. "Umelipata."

"Mama, mbona hukuniambia siku ile?"

"Nikuambie nini? Kwamba mama yako amepewa adhabu kwa sababu ya pilau ya arusi yako? Ulikuwa bibi arusi wa wiki tatu."

Nilimwomba msamaha. Alinishika kiganja na mikono yake iliyojaa vumbi la mahindi.

"Unajua mimi sikutaka kuandika?" alisema. "Hakuna aliyemwona akikata. Nilimwambia, 'Mwenyekiti, huu ulikuwa mti mkavu, tuache.' Akaniambia, 'Andika. Kesho nitamwambia mama wa watu asikate, nitamwangalia na macho gani?' Nikaandika huku nalia. Hata pale kivulini, nilikuwa naenda kukaa naye tu, asione upweke. Ndoo alinikataza nisiguse."

Nilimuuliza kama niung'oe ukurasa ule kabla ya kupeleka karatasi chuoni. Watu wangesoma nini juu ya mama?

Aliniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyemwaga maziwa. "Ukitoa huo, toa na ule wa ua wa waya. Ni mtu mmoja aliyefanya yote mawili."

Niliuacha.

Ndugu zangu walipokubali, tulienda chuoni pamoja, mimi na katibu, sanduku likiwa kwenye pikapu ya mwanawe. Yule dada wa maktaba alivaa glovu, akaanza kutoa karatasi mojamoja na kuzipanga mezani. Alipofika kwenye picha, aliuliza kama tunawajua wale wanawake. Mimi nilimjua mama tu na wengine wawili. Katibu alivuta kiti.

"Lete penseli," alisema.

Akaanza mstari wa nyuma, kutoka kushoto. Huyu aliolewa na mlevi akamwachisha pombe. Huyu alijifungua mapacha wiki ile ya matope. Huyu alikuwa haongei mkutanoni, lakini miche yake haikufa hata mmoja. Kila mmoja alimtaja kwa jina lake la kuzaliwa, si la mtoto wake, na yule dada aliandika nyuma ya picha taratibu, akiuliza herufi. Ilifika saa nane mchana tukiwa hatujamaliza picha ya tatu. Nilitoka nikanunua chapati na chai ya maziwa, nikarudi, tukaendelea.