Mwalimu Lul na Antivirasi ya Uongo

Mwalimu Lul alipostaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha shule za msingi Garissa, hakutulia hata mwezi. Aliifungua sebule yake kwa akina mama wauza maziwa ya ngamia ambao hawakuwahi kusoma. Walikuja alasiri, maziwa yakishaisha sokoni, wakaketi mkekani. Baada ya somo walimwimbia buraanbur, mashairi ambayo wanawake huimba harusini, naye akayaandika kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni. Alikuwa amefikisha mashairi sitini na mawili.

Asubuhi moja alikuwa akitafuta mtandaoni maana ya neno la kale, mara skrini nzima ikawa nyekundu na king'ora kikalia. Maandishi yalidai kompyuta ina virusi mia tatu na kumi na viwili, na kwamba kila kitu kitafutika baada ya dakika tano asipopakua antivirasi iliyoonyeshwa hapo. Lul si mwoga, lakini aliyafikiria mashairi. Akabonyeza. Programu ikaingia, ikajifanya inapekua, kisha ikasema virusi sasa ni mia tisa, na ili viondolewe aandike namba ya kadi yake ya benki.

Kelele zile zilimleta mumewe, Noordin, na kikombe chake cha chai. Kabla ya kustaafu alikuwa daktari wa mifugo Wajir Magharibi, na kompyuta hakuzijua. Aliyasoma maandishi polepole, akauliza ni nani aliyempima mgonjwa. Lul akajibu kuwa hakuna. Ndipo Noordin akamsimulia habari za Griftu, mji wa huko Wajir, mwaka ambao mgeni mmoja alisimama mnadani akitangaza homa kali ya ngamia, gari lake likiwa limejaa chupa za dawa. Wafugaji walinunua zote. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi.

"Anatangaza ugonjwa ambao hakuna aliyeuona, na dawa anayo yeye mwenyewe," Noordin alisema. "Huyo anauza tu, Lul. Usimpe kitu."

Lul alizima intaneti, akaizima na kompyuta, akaifunga kwa shuka na kuipeleka kwa Iftin, fundi mwenye duka nyuma ya soko, ambaye Lul mwenyewe alimfundisha darasa la sita. Iftin hakumcheka. Alimweleza kwamba ule wekundu ulikuwa ukurasa wa mtandao tu, angeufunga yakaisha. Ubaya uliingia pale alipokubali kupakua. Kuing'oa programu ile kulimchukua saa tatu. Kisha akawasha kinga iliyokuja na kompyuta yenyewe, ambayo ilikuwa imezimwa siku nyingi, na kuweka masasisho yote yaliyokuwa yakisubiri. Mashairi yalikuwa mazima. Aliyanakili kwenye flashi.

"Ukimaliza kunakili, uichomoe, Mwalimu," alisema. "Isikae ndani ya kompyuta."

Lul alirudi nyumbani na aibu yake, na alasiri akaitumia kufundishia. Aliziacha silabi, akawasimulia wanafunzi kila kitu, pamoja na pale alipobonyeza. Maka, aliyewazidi wote kwa umri, alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Halafu akatoa simu yake, akauliza:

"Na hii je? Kila siku inaniambia betri ina firusi."

Lul akaishika, akakuta programu mbili za kusafisha simu ambazo Maka hakukumbuka kuziweka. Wakakagua simu zote saba zilizokuwa mkekani. Tano zilikuwa na uchafu huohuo. Lugha ya simu waliigeuza iwe Kiswahili, kisha wakazifuta programu moja moja, kila mwenye simu akisoma mwenyewe kabla ya kugusa. Magharibi ikawakuta bado wanacheka, na Noordin akaenda msikitini bila chai ya pili.

Siku hizi wauzaji wenzake Maka humpelekea simu zao palepale kwenye madumu ya maziwa. Yeye huyasoma maandishi kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, na wateja humsubiri amalize.