Tausi Niliyemtia Bluu

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa hunirudisha nyumbani kuliko nauli. Nikiinusa popote, hata bwenini kwetu ambako harufu zina ushindani mkali, najikuta nimechuchumaa tena ndani ya kibanda cha kuku cha Dani, nyanya yangu mzaa baba, kule Suna, Migori. Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa akiuza samaki Homa Bay, na kila alipopata mtu wa kumtuma, alituletea mfuko wa omena. Majirani walidhani ni wetu. Ukweli ni kwamba mimi na Dani tulikula waliosazwa na ndege.

Ndege wenyewe walikuwa vifaranga watatu wa tausi. Mzee Salim, mwenye duka la mabati na misumari pale mjini, alikuwa na tausi dume aliyefiwa. Jike wake aliuawa na mbwa, na tangu siku hiyo dume alishinda juu ya paa la duka akilia mpaka wateja wanasahau kilichowaleta. Mzee akapata mayai matano kwa rafiki yake wa Kisumu, akayaleta kwetu ndani ya kofia yake, kwa sababu kuku wa Dani alisifika kwa kuatamia chochote, hata jiwe ukimwachia. Walikubaliana kwa desturi ya kwetu ya kulea mifugo: mwenye mali anatoa, mlezi analea, wakikua mnagawana. Mzee hakutaka mengi. Jike mmoja tu, ampelekee yule dume wake anayelia. Wengine wote wawe wa Dani.

Kuku akalalia siku ishirini na moja, akasimama, akachungulia, kimya. Dani akaanza kunung'unika kwamba mayai ya watu wa mjini hayana mtu ndani, lakini akamrudisha. Wiki nzima baadaye wakatoka watatu, rangi ya vumbi, na miguu mirefu kama ya kijana aliyevaa kaptula ya mdogo wake. Kuku aliwatazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu upya maisha yake.

Sasa, nani dume na nani jike? Wote walikuwa sawa, hata kishungi cha kichwani kila mmoja alikuwa nacho. Dani alijua kuku vizuri, kwa hiyo akawatumia tausi sheria za kuku. "Jogoo hujulikana kwa kifua," alisema. Na mmoja alikuwa na kifua. Hajamaliza mwezi, alikuwa akiinua kimkia chake kisicho na manyoya ya maana, akikitandaza kama kipepeo cha jiko, na kupita mbele ya wenzake taratibu kana kwamba wamechelewa gwaride. Nikamwita Mwalimu wa Zamu. "Huyo ni jogoo," Dani akaamua. "Hata kipofu anaona." Nilifurahi sana, maana jogoo ni wetu, habebwi. Na Mwalimu alikuwa amekwisha kuwa wangu. Alinipanda begani nikifanya kazi ya nyumbani, akala kona mbili za daftari langu la hesabu, zikiwemo zile zenye alama nyekundu. Sijawahi kupata rafiki mwenye busara kiasi hicho.

Hakuna aliyetuambia kwamba kifaranga wa tausi, awe dume awe jike, huinua mkia. Ni maringo ya utoto tu.

Walipofikisha miezi mitatu mambo yakaanza kujitenga. Wale wawili wakarefuka miguu kumzidi Mwalimu, na manyoya marefu ya mabawa yao yakawa rangi ya kutu. Ya Mwalimu yakabaki kahawia. Nikajiambia anachelewa, kama mimi na meno yangu. Halafu jioni moja jua likampiga shingoni nikaona kijani, kijani kama cha mawe ya ufukweni Homa Bay. Shingo za wenzake zilikuwa zinaanza buluu. Nikamkumbuka dume wa Mzee Salim na shingo yake ya buluu. Nikaelewa kabla ya mtu yeyote, nikafunga mdomo, jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya.

Ijumaa ile Dani alifua nguo nyeupe za kanisani, amalize kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Niliiba bluu yake ya kufulia, nikaiponda ndani ya mafuta ya kujipaka, na Jumapili alfajiri, siku ya Mzee Salim kuja, nikampaka Mwalimu shingo nzima. Alitulia kama mteja wa saluni.

Mzee Salim akafika saa tatu. "Mama Odhiambo," akamwita Dani kwa jina la baba yangu, "nimekuja kwa ahadi yetu."

"Mzee, hata naona aibu," Dani akamwambia. "Wote wametoka majogoo. Tazama shingo."

Mzee akatazama. "Huyu mmoja amejipamba kuliko bibi harusi," akasema. Hakuhangaika na shingo. Alimshika Mwalimu, akalikunjua bawa lake kama gazeti. "Dume angekuwa na kutu hapa. Hii kahawia tupu. Huyu bibie." Ndipo akatazama vidole vyake vilivyoingia buluu, kisha vyangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa bawa moja.

Dani hakunichapa, na afadhali angenichapa. Alimwomba mzee msamaha kwa sauti ya chini, mikono amefumbata, kana kwamba ni yeye aliyepaka. Neno lake ndilo lililokuwa mezani, na mimi ndiye niliyelichafua.

"Kijana," mzee akasema, "wewe ukiachwa peke yako juu ya bati, utalia vipi?"

"Kwa Kijaluo," nikajibu.

Alicheka mpaka akakaa. Lakini alimchukua. Nilimvisha Mwalimu soksi yangu ya shule kichwani asiogope, nikambeba mwenyewe mpaka dukani, nikilia njia nzima bila kujificha.

Sasa niko kidato cha tatu. Majogoo wawili wa Dani wana mikia ya kufagia uwanja, waendesha pikipiki husimama kuwapiga picha, na Dani huwaita wale wavivu. Likizo iliyopita Mzee Salim aliniita nimtenganishie vifaranga wa Mwalimu, kwa kuwa macho yake yamechoka na watu wameahidiwa majike. Mwalimu hakunitambua hata kidogo. Zamani nilihitaji miezi mitatu na jua la jioni. Siku hizi nakunjua bawa na kutamka: dume, jike, dume. Wa mwisho alikuwa mapajani pa Zuhra, mjukuu wa mzee, mwenye miaka sita. Alikuwa ameweka kiganja juu ya bawa ili lisikunjuliwe.

"Na huyo?" mzee akauliza.

Nikainama. Shingo ilikuwa imeanza kijani.

"Bado, Mzee. Huyu atajulikana mwezi ujao."

"Mwezi ujao utakuwa shuleni."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee akavitazama vidole vyangu. Kisha akamwambia Zuhra ampe kifaranga wake maji.