Pilau ya Anti Merle

Harufu ya sukari inayoungua siku hizi hunipa njaa. Lakini mara ya kwanza kuinusa, jikoni kwa Anti Merle, jirani yetu wa Hounslow huko ughaibuni, nilitaka kulia.

Nilikuwa na miaka tisa. Shuleni kulikuwa na siku ya vyakula, wazazi wamealikwa, kila mtoto alete chakula cha kwao. Mimi na domo langu nilikuwa nimeshalitangazia darasa zima kwamba pilau ya mama haina mpinzani. Asubuhi hiyo hiyo mama, aliyekuwa akihudumia wazee, akapigiwa simu kwamba shifti imebadilishwa. Akagonga kwa Anti Merle, koti mkono mmoja ndani mmoja nje.

"Unajua kupika pilau?"

"Pilau? Mpenzi, nimeanza kuipika wewe hujazaliwa!"

Mama akanikabidhi, akakimbilia basi.

Anti Merle alikuwa mtu wa Trinidad. Bizari nzima hakuigusa, mdalasini hakuutafuta. Alimimina sukari kwenye mafuta ya moto, akaiangalia ikigeuka nyeusi na kufuka moshi, wala hakushtuka. Akatumbukiza kuku. Ukafuata mchele, tui la nazi, vipande vya boga na, Mungu wangu, mbaazi! Kwa mama, mzaliwa wa Tanga, mbaazi za nazi ni za kulia mandazi asubuhi, haziingii kwenye pilau hata kwa bahati mbaya.

"Anti, hii siyo pilau," nilimwambia kwa adabu zote nilizokuwa nazo.

"Ndiyo, ni pelau," alijibu, neno lile lile kwa matamshi ya kwao. "Sasa nipishe nifunike."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea: mama aliomba pilau, Anti akasikia pelau, na muda wa kupika nyingine haukuwepo. Tulilibeba sufuria pamoja hadi shuleni. Nilisimama nyuma ya sufuria nikiona aibu mpaka masikio yanawaka, nikisubiri kuchekwa. Mwenzangu wa kwanza akaonja, akaenda kumwita baba yake. Baba akamwita mkewe. Mara foleni ikafika mlangoni, na meza za jirani zikabaki na sambusa zao zimepoa. Nikaanza kupakua kwa madaha, kana kwamba nimepika mimi.

Mama aliingia na sare ya kazini, anahema. Akaonja kijiko kimoja. Akainamia sufuria, akabandua ukoko chini, akaumega na kumpa Anti Merle kipande. Anti Merle akapiga kelele ya furaha: kwao pia watu hugombania ukoko!

Mwalimu akauliza kama kweli hiyo ndiyo pilau ya kwetu.

"Ya kwetu kabisa," mama alisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Hii ilipitia Trinidad tu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nikalinyanyua sufuria tupu juu ya kichwa kama kombe.

Kwa miaka mingi niliamini mama alidanganya siku ile ili kuniokoa. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba Wahindi waliopelekwa Trinidad kulima miwa walikwenda na pilau yao, kama wenzao walivyoileta pwani yetu, na kule wakaikuta mikono ya Waafrika iliyozoea kuunguza sukari kwa ajili ya nyama. Mama hakunidanganya hata neno moja.