Mzee Nkwabi Atafuta Q

Josephat Nkwabi alifanya kazi miaka mingi katika stoo ya chama kimoja cha ushirika wa pamba, hadi ilipotangazwa kwamba biashara sasa ni huria na pamba itanunuliwa na yeyote mwenye lori. Yeye na wenzake wakapunguzwa kazi. Alirudi nyumbani Pasiansi na suti zake za Kaunda, kalamu mbili mfukoni, na mazoea ya stoo ambayo hayakumwacha: kila kitu alichokishika, alikigeuza kwanza atazame kimeandikwa nini chini.

Jirani yake Prudencia, nesi mstaafu kutoka Bukoba, ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo wa maneno. Boksi la mchezo alilipata kwenye mitumba: ubao wenye vyumba, na vipande vya herufi vya kuchota bila kuchungulia, kisha unavipanga viwe neno la Kiingereza. Walicheza kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili ya kwanza tu waligombana. Nkwabi aliweka LICE akasema ni mchele.

"Hao ni chawa," alisema Nesi Prudencia. "Nimewatibu miaka yote, nawafahamu."

Nkwabi hakukubali, maana mdomoni mwake, Msukuma wa Magu, R na L ni kitu kimoja, na kwa Kiingereza mchele na chawa vilitamkwa sawasawa. Kamusi hawakuwa nayo. Wakaweka sheria: neno likibishiwa, aliyeliweka alete kitu kilichoandikwa neno hilo kabla ya Jumapili inayofuata. Akishindwa, pointi zinafutwa.

Basi Jumapili moja Nkwabi akachota Q, na Z, na nyingine zilizomfaa. Alizitazama hadi chai ikapoa, kisha akaweka QUARTZ.

"Hilo ni jina la mtu," Prudencia alisema.

"Nimeliona kwa macho yangu. Limeandikwa kwenye kitu."

"Kitu gani?"

Hapo ndipo palipomshinda. Alikumbuka maandishi madogo meusi, lakini kitu chenyewe kilikuwa kimemtoka kichwani.

Jumamosi akavaa Kaunda suti iliyopigwa pasi, akaenda Igoma, kwa sababu miaka ile maduka ya Igoma yalikuwa yamefurika bidhaa za nje. Akaingia dukani kwa Sabina, mama mmoja aliyeuza kila kitu kuanzia miswaki hadi redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Nkwabi akachukua kopo, akaligeuza. Akachukua tochi, akaigeuza. Akapiga magoti akasoma maboksi ya chini. Sabina alimtazama huku jasho likimtoka. Mwanamume mwenye kalamu mbili, asiyeuliza bei, anayesoma makopo kwa nyuma, kwake alikuwa mtu mmoja tu: mkaguzi.

"Unasumbuliwa na nini, mzee wangu?" aliuliza kwa upole.

"Nasumbuliwa na Q, mama. Tangu Jumapili."

Sabina alivuta pumzi. Wakaguzi aliowazoea walikuwa wakiomba chai kwa kuzungukazunguka. Huyu alikuwa amesema waziwazi kwamba ana kiu. Akamfungulia soda baridi, na chini ya chupa akaweka bahasha.

Nkwabi alikunywa soda kwa shukrani, akaiacha bahasha akidhani ni ya kufutia mikono. Duka la pili akapewa soda kabla hajasema neno. La tatu hivyohivyo. Aliona watu wa Igoma wana ukarimu wa ajabu. Hakujua kwamba habari ilikuwa imemtangulia: kuna mkaguzi mkali anapita, bahasha hataki, na kiu yake haiishi. Huko mbele wengine walikuwa wanafunga milango. Muuza dawa mmoja alitorokea uani na katoni kichwani.

Kwenye duka la saba mgambo wakamkuta na chupa mkononi, wakampeleka kwa mtendaji wa kata, Bwana Maige.

"Mzee, unalalamikiwa kwamba unazunguka madukani ukidai una kiu."

"Sikudai chochote. Nilikuwa natafuta Q."

"Ndicho hicho walichosema."

Kadiri Nkwabi alivyoeleza, ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Mwishowe akaomba aitwe Nesi Prudencia. Alifika alasiri, boksi la mchezo kwapani, akamwaga herufi mezani kwa mtendaji na kumwonyesha Q ni ipi.

"Huyu namjua," alisema. "Ni mtu mwaminifu kabisa. Ila hilo neno lake halipo."

Nkwabi aliumia kuliko alipokamatwa. Akainua macho ukutani ili asimtazame, na macho yakaishia kwenye saa ya ofisi. Akanyanyuka. Mgambo wakamshika mabega.

"Niacheni," alisema taratibu. "Nasoma."

Chini ya namba kumi na mbili, kwa herufi ndogo nyeusi, palikuwa pameandikwa QUARTZ.

Wote wakasogea. Prudencia alivaa miwani, akasoma, akavua, akaipangusa, akasoma tena.

"Hii saa imesimama," alisema.

"Imesimama," alikubali Bwana Maige, "lakini inasomeka."

Nkwabi aliachiwa, kwa sharti arudi kote alikopita akajieleze. Sabina ndiye aliyecheka kuliko wote. Akamwomba, maadamu anapenda kusoma makopo, amsomee na mafuta ya kupaka yaliyokuwa yananunuliwa sana, yale ya kopo la njano. Nkwabi akaligeuza.

"Mama, haya ni ya kung'arishia meza."

"Ndiyo maana wateja wanayasifia," alisema Sabina.

Jumatatu iliyofuata Nkwabi alipata kazi dukani kwake, kusoma kila mzigo kabla haujapangwa. Nesi Prudencia alimpa pointi zake za QUARTZ, zote, na bado akamshinda.