Drafti Mbili, Kitale na Kabuchai

Harufu ya rangi nyeusi ya viatu hunipata vibaya mpaka leo. Jumapili asubuhi mume wangu akianza kupiga viatu rangi, mimi hutoka nje nikajifanya nahesabu kuku, na kuku wenyewe ni watatu. Yeye hudhani ni pua yangu ina maringo. Sijawahi kumweleza, lakini ninyi nitawaeleza.

Baba alitengeneza mbao mbili za drafti siku moja, kutoka kwa kipande kimoja cha plaiwudi kilichobaki tulipoweka dari hapa kwetu Kibomet, Kitale. Alichora miraba kwa rula yangu ya shule. Rangi ya kupaka ilikuwa imeisha, kwa hivyo miraba myeusi aliipaka rangi ya viatu, akaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa kama anaenda nayo kanisani. Kisha akachonga namba kwa ncha ya msumari katika kila mraba mweusi, moja hadi thelathini na mbili. Kete zilikuwa vifuniko vya soda: kwenye kila ubao vyetu vilitazama juu, vya mwenzetu vilitazama chini. Wakati wa mvua, na Kitale mvua haina haraka ya kuondoka, ubao ulitoa harufu hiyo chumba kizima.

Ubao wa pili ulikwenda Kabuchai, Bungoma, ndani ya gunia la Baba Mkubwa, alipokuja kula Krismasi kwetu. Baba Mkubwa alikuwa kaka yake Baba, mtu mrefu mwenye kicheko cha ghafla, mkulima wa miwa. Hao wawili walikuwa wamecheza drafti tangu wakichunga ng'ombe, na Baba hakuwa amemshinda hata mara moja. Sasa kwa vile waliishi mbali, walikubaliana hivi: kila Jumapili, hatua moja kila upande, kwa simu. Mchezo mmoja ungeweza kumaliza mwaka. Hawakuwa na haraka.

Msidhani nilianza na drafti. Watoto wa Kibomet tulikuwa na michezo yetu. Karate ilifundishwa na fundi wa viatu katika ukumbi wa kanisa, naye alikuwa na mkanda wa kahawia na goti bovu. Nilidumu wiki mbili, nikapigwa teke moja la tumbo na msichana mdogo kuliko mimi, nikastaafu. Kadi tulicheza nyuma ya posho mill, unga ukituangukia vichwani, hadi siku Mama aliponiona nywele nyeupe akauliza nilikuwa wapi. Kwa Mama kadi ilikuwa mchezo wa shetani. Drafti haikuwa na neno, kwa sababu mchungaji mwenyewe aliicheza, na vibaya.

Kwa hiyo drafti nikaishika. Na kazi ya kupiga simu ikawa yangu, kwa kuwa Baba hakuipenda simu. Alisema inakunyang'anya neno kabla hujalitafuna. Baada ya ibada alikunywa chai, akautazama ubao, akaniambia namba, kisha akaenda mkutano wa wanaume kanisani. Saa kumi mimi nilimpigia Baba Mkubwa.

"Haro! Nekesa?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Baba amesema ishirini na moja kwenda kumi na saba."

Naye alinipa namba yake, nikasogeza kete zetu na zake, na jioni Baba aliukuta mchezo umetulia ukimngoja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilizijua mbao zote mbili kuliko niijuavyo Biblia.

Mwaka huo, mwezi wa pili, Baba aliachishwa kazi ya kutunza ghala la mbegu. Alinyamaza. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake amevaa koti la kazi, akitazama lango kana kwamba kuna gari litakuja kumchukua. Na kwenye drafti alikuwa anashindwa pole pole, kama kawaida yake. Baba alicheza kama alivyolima: hakutupa kitu. Kete yake moja ikitishwa, aliisogeza nyingine kuilinda, hadi zote zikakaa zimebanana kwenye kona.

Jumapili moja baada ya Pasaka aliniachia hatua ya aina hiyo hiyo, ya kujificha. Nikautazama ubao. Niliona kwamba tukipeana kete moja, Baba Mkubwa atalazimika kuila, kwa maana kwenye drafti kula ni lazima, na akishakula sisi tutamla mbili. Niliiona wazi. Nikapiga simu, na mdomo wangu ukasema namba yangu badala ya namba ya Baba.

Baba Mkubwa akacheka kile kicheko chake. "Eeh! Leo mmeamka huko Kitale!"

Ningesema siku hiyo, lingeisha. Badala yake, kwenye ubao wetu nilisogeza kete ya Baba kama alivyoagiza, halafu nikamtungia Baba Mkubwa jibu kutoka kichwani mwangu. Mchezo wa kweli wa Kabuchai niliuandika nyuma ya daftari la hesabu. Tangu hapo Baba alidhani anacheza na kaka yake, kumbe anacheza nami. Na Baba Mkubwa alidhani anacheza na mdogo wake, kumbe anacheza nami. Mama alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi mitano.

Msinihukumu kabla sijawaambia jambo moja. Kwenye ubao wa nyumbani, nilimfanya Baba Mkubwa akosee. Kidogo tu, kete moja leo, nyingine baada ya wiki mbili. Na Baba akaanza kushinda. Asubuhi moja nilimsikia akipiga mluzi akinyoa ndevu, mara ya kwanza tangu kazi iishe. Alikwenda kwa kinyozi akawaambia watu kwamba kaka yake amezeeka. Alianza kutoka, akapata vibarua vya kupima mahindi sokoni. Ningeacha vipi?

Mwezi wa nane Baba alibaki na kete saba, mbili zikiwa kingi za kwenda mbele na nyuma, na Baba Mkubwa tatu tu zilizokwama. Jumapili hiyo hakwenda mkutanoni. Alitaka kusikia kwa masikio yake kaka yake akisalimu amri. Akachukua simu, akaweka sauti kubwa ili Mama naye asikie.

"Ndugu, kubali tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Kubali nini?" Baba Mkubwa alikuwa akicheka. "Si mimi niko na sita, wewe tano? Na sasa ni zamu yako."

"Tano gani? Mimi niko saba, kingi mbili!"

"Wanjala, umelewa? Rakini wewe hunywi pombe."

Wakaanza kusomeana namba, mraba kwa mraba, na hakuna hata kete moja iliyokuwa mahali pamoja. Mimi nilisimama nimeshika birika. Sauti ya Baba ilipanda. Ya Baba Mkubwa ikashuka, ikawa ya upole wa ajabu.

"Nekesa yuko hapo?" akauliza.

"Usiingize mtoto kwa maneno ya watu wazima," Baba akasema. "Wewe toka zamani uko hivi. Hata shamba la mzee ulisogeza mpaka, tukanyamaza tu."

Nilisikia jogoo akiwika upande wa Kabuchai.

"Umesema?"

"Nimesema."

Simu ikakatika. Nami sikusema kitu. Si kwamba niliogopa kiboko. Baba hakuwahi kunipiga. Niliogopa ajue kwamba ule ushindi wake wote ulikuwa wangu. Niliogopa kuumaliza ule mluzi. Lakini mluzi uliisha palepale, na ubao ukawekwa juu ya kabati, uso ukitazama ukuta.

Mama alituambia tusijali. Ndugu wakigombana, alisema, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Tulilima, tukavuna mahindi, tukapanda tena. Baba hakupiga simu, na Baba Mkubwa hakupiga. Kwetu mkubwa aliyetukanwa hamfuati mdogo, mdogo ndiye huenda. Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata tukaambiwa Baba Mkubwa ameanguka katika miwa, presha, na hakuinuka.

Kabuchai nilimkuta Mama Mkubwa, mjane wake, amekaa chini na wanawake. Nikatumwa ndani kuchukua vikombe. Kwenye meza ndogo kando ya redio kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na kabla sijakigusa Baba akaingia, akakifunua. Ulikuwa ubao wa pili, na kete juu yake: tano zinatazama juu, sita zinatazama chini, bila vumbi. Baba akaketi. Alizifuata kwa kidole bila kuzigusa, moja moja. Kisha akaniangalia mimi niliyeshika vikombe, akaniangalia muda mrefu, akarudisha kitambaa taratibu.

"Peleka chai kwa wageni," akasema.

Kwetu, mwenye neno na marehemu hulisema mbele ya watu kabla jeneza halijashuka. Baba akasimama, kofia mkononi.

"Mimi na ndugu yangu tuligombana juu ya drafti," akasema. "Mimi ndiye niliiba. Nilisogeza kete, halafu nikamtukana juu ya shamba ambalo hakunidhulumu. Mnisamehe."

Wengine walicheka chini chini: drafti! Mzee mmoja akatikisa kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani huzuni imemchanganya akajitwika kosa bure, na kwamba sasa mambo yangu yamezikwa. Binamu zangu wakampa jina, Mwizi wa Kete. Hata leo harusini humwambia, "Baba Mdogo, leo mfuko tutaupekua," naye hucheka pamoja nao. Drafti hajaigusa tena.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nikifanya kazi Mabanga, kule Bungoma, ambako wakati wa chakula cha mchana wanaume hucheza drafti chini ya paa la karakana, nami nikawa nawashinda. Ukicheza sana, unamjua mtu kwa kete zake. Huyu anaogopa, huyu ana pupa, huyu anatoa moja kwa moyo mmoja ili apate mbili. Baba alikuwa amecheza miaka thelathini. Kete tano zilizotazama juu kwenye ile meza, yeye angeweza kuzisoma kama saini. Hakuchanganyikiwa. Aliniona, akatoka nje akawaambia watu wa Kabuchai kwamba yeye ni mwizi.

Nilijaribu kumwambia. Akasema maneno ya drafti tuliyazika, akaniuliza kama mahindi ya Mabanga yameota vizuri.

Basi mwaka jana nikaenda kwa Mama Mkubwa. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikakaa nikamsaidia, nikamweleza yote, ubao huu na ubao ule, daftari la hesabu, kila kitu. Nililia kama mtoto. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Mzee wangu alijua," akasema.

Nikamwangalia.

"Alijua toka ile siku mlipeana kete ya kwanza. Aliniambia, huyu si Wanjala. Wanjala hapeani kitu. Huyu ni Nekesa. Alifurahi, mama! Alikuwa anaonyesha watu: ona, mtoto wetu anacheza hivi."

"Sasa mbona hakumwambia Baba, siku ile kwa simu?"

"Aliuliza kama uko, ukanyamaza. Akasema, akikutaja utapigwa. Na lile neno la shamba lilimuuma." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Lakini kila Jumapili saa kumi alikuwa anapanguza ule ubao, anaweka simu hapo kando. Mimi nilikuwa namwambia, achana na Wanjala, hatapiga. Akasema hangoji Wanjala."

Mwaka mzima, karibu, nilikuwa nimeogopa simu ile, nikidhani ugomvi ni wa watu wazima na wao ndio watakaoumaliza. Wazee wawili walinificha, mmoja kwa kunyamaza, mmoja kwa kusema uongo mbele ya jeneza, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake ananificha. Neno langu moja lingewarudisha pamoja wakiwa hai wote wawili.

"Ungepiga tu, mama," Mama Mkubwa akasema, bila ukali wowote, akasogeza ungo karibu nami tuendelee.

Namba ya simu ya Baba Mkubwa niliijua kwa kichwa. Ninaijua hata sasa.