Koti Juu ya Usukani

Mimi hasira zangu ziko karibu, mtaa wetu mzima wa Niboye wanajua. Nimefanya kazi miaka saba kwenye mtambo mdogo wa umeme nje kidogo ya Kigali, ule usio na bwawa: maji ya mto yanachepushwa mferejini, yanaingia bombani, yanazungusha mashine, yanarudi zake mtoni. Unawasha vilima viwili vitatu vya jirani, basi.

Mvua ikinyesha, mto huo ni mwendawazimu. Unaleta migomba, chupa, hata mbuzi mfu, na vyote vinakwama kwenye chujio la vyuma mbele ya bomba. Hapo lango la maji linafungwa, mtu anashuka mferejini na reki. Anayeshuka hutundika koti lake kwenye usukani wa lango. Koti likiwepo, usukani haushikwi. Sheria hiyo haijaandikwa popote.

Siku moja mchana alishuka shemeji yangu, mume wa dada yangu, baba wa watoto watatu. Mvua ya mawe ikaanza kunitwanga kule juu. Nikalichukua koti lake, nikalivaa, nikakimbilia reki nyingine stoo. Dakika moja tu, nilijiambia. Mjinga mimi!

Niliporudi, mwenzetu wa zamu alikuwa ametoka chumba cha mashine, anazungusha usukani. Maji yaliingia kwa kishindo. Yakambeba shemeji, yakambamiza kwenye vyuma, yakamkandamiza palepale, mdomo wazi. Nilisikia mbavu zikivunjika. Naapa nilizisikia.

Tukafunga lango, tukamvuta kwa miguu, anatapika damu. Nikamgeukia yule mwenzetu. Ngumi ya kwanza ilipata taya. Akaanguka, nikampiga mateke, nikampiga na mpini wa reki mpaka ukakatika.

"Umemuua! Umemuua mtu wangu!"

Hakurudisha hata moja. Aliinua mkono uliojaa damu, akanishika kifuani.

"Usukani ilikuwa wazi, sha," alisema, kama anayemsemesha rafiki. "Koti iko kwako."

Nikajitazama. Nikaelewa yote. Na nikampiga tena. Ndiyo, nilijua, na nikampiga tena.

Hospitalini walilazwa wote wawili chumba kimoja. Siku mbili nzima dada yangu alikaa sakafuni akiomba Mungu asimwachie watoto peke yake. Siku ya tatu shemeji akafumbua macho, akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza nani alifungua maji.

Nikanyoosha kidole kitanda cha pili. Mwenzetu alikuwa macho, taya limefungwa kwa waya, ananitazama.